Pampu Iliyonguruma Nyumba Ikiwa Tupu

Bwana Ndyamukama alikuwa mzee wa kanisa na karani wa kupokea kahawa mjini Bukoba. Kazi yake ilikuwa kutia mkono ndani ya gunia hadi chini, kuona kama kuna mawe, na nadhani kazi hiyo ndiyo iliyomharibu. Hata chai ya mkewe aliinusa kwanza.

Mwaka 1953 alinunua nyumba ya mfanyabiashara Yashwant, aliyekuwa akihamia Mwanza. Ilijengwa mtelemkoni. Kwa mbele uliona nyumba ya kawaida, lakini ukizunguka nyuma ulikuta vyumba vya chini vilivyochimbwa ndani ya kilima: jiko, choo cha maji na chumba cha Kokuberwa, mtumishi. Tangi la maji machafu lilikuwa juu, kando ya barabara, na uchafu haupandi mlima wenyewe. Kwa hiyo fundi Josia wa Kitendaguro alichimba shimo sakafuni, akalijenga kwa saruji na kuweka ndani yake pampu ya umeme yenye boya. Maji yakijaa, boya lilipanda na pampu ikawaka, ikasukuma uchafu juu. Boya likishuka, ikanyamaza. Mfuniko wa chuma ulikazwa kwa skrubu ili harufu isipande.

Ndyamukama aliipenda pampu hiyo kwa kuwa ilisema. Ikinguruma, alijua kuna mtu aliyetumia maji.

Mwezi wa Desemba ikaanza kunguruma ovyo. Jumapili moja alirudi kutoka kanisani na mkewe Jovitha pamoja na Kokuberwa, na kabla hajavua kofia akaisikia chini ya miguu yake. Nyumba ilikuwa imefungwa, ufunguo mfukoni mwake. Alishuka na fimbo, akachungulia chini ya kitanda cha Kokuberwa, akafunua hata kapu la ndizi. Hakuona mtu.

Jumapili iliyofuata alimwaga majivu mlangoni mwa vyumba vya chini kabla ya kwenda ibadani. Waliporudi pampu ilikuwa inanguruma, na majivu hayakuwa na unyayo. Mtu mwingine angetulia. Yeye aliona kwamba mwanamume aliyejificha humo ameonywa ayaruke majivu, na wa kumwonya ni mmoja tu.

Akamwambia Kokuberwa afunge mzigo.

Kokuberwa hakuwa na pa kwenda. Mumewe alipofariki huko Izigo, shemeji zake walichukua kibanja chake cha migomba, na chumba kile cha chini ndicho kilichokuwa kwao. Aliapa kwamba hajaficha mtu. Jovitha akaomba fundi aitwe kwanza. Ndyamukama alikubali, kwa sharti kwamba fundi asielezwe tatizo, asije akapangwa la kusema.

Josia alikuja, akauliza tatizo ni nini, akajibiwa kwamba fundi ni yeye. Akacheka, akakataza mtu yeyote kugusa maji, akakaa juu ya ndoo. Pampu ikanguruma, ikanyamaza. Kisha wote wakasikia maji yakiteremka ndani ya bomba, yakirudi shimoni.

Akaeleza kwamba ndani ya bomba la kupandishia kuna kilango cha shaba. Maji yakipanda hufunguka, yakitaka kurudi hujifunga. Kisipofunga, maji yaleyale hurudi, hulipandisha boya, na pampu huyasukuma tena kutwa nzima.

“Kwa hiyo mgeni wako ni maji, waitu,” alisema kwa heshima.

“Na aliyekizuia kilango?” Ndyamukama akauliza.

Josia alizima umeme, akafungua bomba na kuchokoa kilango kwa kijiti. Vikatoka vipande vingi vyepesi, vimeshikamana kama bonge: mabawa na miguu ya senene, panzi wa msimu wanaoliwa.

Katika nyumba za Wahaya wa wakati ule, mwanamke aliwakamata senene, akawanyonyoa na kuwakaanga, na mwanamume ndiye aliyewala; kwa mwanamke ilikuwa mwiko. Msimu ulikuwa umepita na sahani ya Ndyamukama haikuona hata mmoja. Alikuwa ameambiwa kwamba mwaka huo hawakushuka.

Alimgeukia Kokuberwa. “Kumbe hukuficha mwanamume. Unakula kama mwanamume.”

Kokuberwa alitazama mzigo wake.

“Mwache,” Jovitha akasema. “Senene nimewala mimi. Mabawa nimeyamwaga mimi kwenye karo la jikoni, usiyaone nje.”

“Wewe, mke wa mzee wa kanisa?”

“Walikuwa watamu.”

Kokuberwa angeweza kuendelea kunyamaza, chumba kikabaki chake. Badala yake alisema polepole, kama binti kwa baba, “Tumewala wote wawili, tata.”

Ndyamukama alimtazama mmoja, kisha mwingine. Kumfukuza mtumishi kwa kosa lililokuwa pia la mkewe kungeeleza mengi mno hapo mjini, na Josia alikuwa na mdomo. Akamwagiza fundi afunge wavu kwenye karo. Kokuberwa akauchukua mzigo wake na kuurudisha chumbani.

Josia anasema alipokuwa akikaza skrubu za mwisho alimsikia Ndyamukama akiuliza, kwa sauti ya chini, kama senene hao walikuwa wa kijani au wa kahawia.