Eda Iliyopita Nami Sijui

Jumatano moja, mwisho wa mwezi wa Shaaban, nilimpoteza mume wangu. Siku hiyo sikujua. Nilijua tu kwamba simu imekatika.

Alikuwa fundi mashua. Kazi zilipopungua kwetu Kiegeani, yeye na mwenzake mmoja walivuka mto Ruvuma, wakapata kazi katika mji wa pwani upande wa Msumbiji. Asubuhi ile alinipigia kuniuliza futari nitapika nini, na mwezi wa Ramadhani bado haujaandama.

"Utakula ya huko huko," nikamwambia. "Mihogo yangu si ya watoro."

Akacheka. Nikasikia milio kama mabati yanagongwa. Akasema wameingia watu wenye bunduki, kila mtu anakimbilia mikokoni. Hapo ndipo simu ilipokatika.

Redio ilisema mji umevamiwa. Zaidi ya hapo hatukupata kitu. Nilikuwa siwezi kukaa pahali pamoja. Nikianza kuchambua mchele nainuka kutazama njia, nikifika njiani nakumbuka moto, narudi.

Shemeji yangu alitaka tusome hitima. Mama mkwe akamkatalia mbele ya watu.

"Nani kakuletea maiti? Huyu ni mke wa mtu. Asije mtu kumpa pole hapa."

Maalim alimuunga mkono. Hakuna shahidi, basi ndoa ipo na eda haianzi.

Mama mkwe alilishika neno hilo. Idi ndogo alinipaka hina kwa mkono wake, akanivika asumini kichwani. Nikaenda baharini kwenye mashamba yetu ya mwani nanukia, na wanawake hawakuniacha.

"Mwenzetu, unamnukilia nani huku majini? Samaki changu?"

"Mwacheni, changu naye ana moyo."

Nilicheka. Nilicheka kweli, sisemi uongo.

Mwishoni mwa mfungo nne, miezi mitano tangu simu ile, yule mwenzake aliyevuka naye alirudi, amekonda, mkono mmoja haunyooki. Alifika asubuhi mapema, amefuatana na maalim. Wakakaa barazani na mama na shemeji, mimi nyuma ya mlango.

"Mwanangu umemwacha wapi?" mama akamuuliza.

"Nimemzika, mama."

Alisema siku ileile, alasiri, walipojaribu kuvuka mkondo mikokoni, risasi ilimpata mume wangu shingoni. Yeye na wanaume wengine wawili walimfukia kwa mikono. Simu ya huyo mwenzake ilibaki kwenye banda la kazi, na namba zetu zilikuwa humo. Tangu hapo alikuwa kambini kwa wakimbizi, hana njia ya kutupata.

Nikatoka nyuma ya mlango, nikamuuliza maalim eda nianze kukaa leo au kesho.

Alihesabu miezi kwa vidole. "Mwanangu, eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku ya habari. Miezi minne na siku kumi imeshapita. Eda yako imekwisha."

"Sikuikaa hata siku moja."

"Hukujua. Huna dhambi."

Sikuwa nimeuliza dhambi. Nilikuwa naitaka ile miezi. Mwanamke aliye edani watu hushusha sauti mlangoni kwake. Haulizwi kwa nini hatoki. Mimi hina iliingia mikononi mwangu na ikafutika, nami ni mjane.

Wanaume wakatoka kwenda msikitini kuwaambia watu. Mama aliingia ndani akakaa kitandani kwangu.

"Ni mimi niliyekupaka," akasema.

Nilitafuta kanga kuukuu nikajifunika, nikakaa chini karibu yake. Miguu yangu ilikuwa inataka kuinuka, nikaishika.

Jirani yangu akapita dirishani na kapu lake la mwani.

"Wee! Maji yamekupwa hayo, hutoki?"

"Sitoki."

"Unaumwa?"

"Nimefiwa."

Akaliweka kapu chini, akavua viatu, akaingia.