Kinyozi na Ndoo ya Tiketi

Kaka yangu ni kinyozi, na tangu nimjue hajawahi kulipia mchezo wa kuigiza kwa bei kamili. Si bahili. Kodi ya kibanda na karo za watoto humaliza kila kinachoingia, ila jukwaa analipenda kuliko chakula, kwa hiyo amejifunza njia za panya zote. Anaijua siku wanayouza kwa nusu bei ili ukumbi usionekane mtupu. Anavijua viti vya nyuma ya nguzo, ambavyo ni rahisi kwa sababu nusu ya waigizaji unawaona na nusu unawasikia tu. Zaidi ya yote, anaijua ndoo.

Ndoo huwekwa mlangoni kabla ya mchezo kuanza. Unaandika jina kwenye karatasi, unaitumbukiza, kisha mhudumu anachota. Likitajwa jina lako unaitikia, unauziwa viti viwili vya mbele kwa bei ya kutupa. Kaka hutumbukiza jina lake na la mkewe, na likitoka la mkewe huitikia yeye, eti mama watoto anaumwa miguu, kakaa kule. Wahudumu wanamwita Mzee wa Ndoo, naye hucheka.

Halafu mama mkwe akaja kuwatembelea. Huyu mama, zamani za uchumba, alikitazama kile kibanda juu hadi chini akauliza, "Na hiki ndicho kitakachomlisha mwanangu?" Kaka hajalisahau neno hilo. Basi wakiwa mezani, mdomo ukamponza.

"Mama, Jumamosi ujiandae. Nimeshakukatia tiketi ya mchezo, kiti cha mbele kabisa."

Hakuwa amekata chochote. Wifi yangu alimfuata jikoni.

"Ungesema tu tutajaribu."

"Zitapatikana. Ndoo imenitupa lini?"

"Mara nyingi tu, baba watoto."

Jumamosi mama alivaa gauni lake la kutokea, kajipaka na manukato. Kaka akamketisha na wifi kwenye benchi la mwisho kabisa, mbali na mlango, akasema anakwenda kuchukua tiketi alizowekewa. Akatumbukiza karatasi tatu: yake, ya mkewe, na ya mama mkwe. Hapo ndipo ninapotamani kumzaba kofi, kaka yangu au si kaka yangu. Unamwombea mkweo bei ya chini bila mwenyewe kujua? Lakini yeye aliona majina matatu yana nafasi kubwa kuliko mawili, na likitoka la mama ataitikia kama kawaida yake.

Asichojua ni kwamba siku hiyo wahudumu walikuja na kipaza sauti.

Jina la kwanza kutoka lilikuwa la mama mkwe, na la baba yake juu. Lilivuma mpaka nje. Kaka akainua mkono, ila sauti ya nyuma ikamuwahi: "Abee! Nipo!"

Mama akaja polepole, watu wakimpisha.

"Hongera, mama, umepata viti viwili vya bei nafuu!" mhudumu akatangaza. "Mzee wa Ndoo, pole, leo bibi kakupiga bao!"

Watu wakaangua kicheko. Kaka alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama akaitazama ndoo, kisha akamtazama yeye.

"Mwanangu, si ulisema umeshakata?"

"Sikukata, mama." Kaka akakiri. "Nilikudanganya."

Mama hakufoka, na wifi anasema afadhali angefoka. Alifungua mkoba wake, akalipa mwenyewe dirishani, akamwekea kaka tiketi zote mbili mkononi.

"Ingia na mkeo. Mimi nitawasubiri hapa."

"Hapana, mama, ingia wewe. Nilitaka wewe ndiye..."

"Mimi michezo hii hata siijui, baba. Nilikubali kuja kwa sababu ulinialika. Niliogopa nikikataa utadhani bado nakudharau."

Kaka aliingia, maana asingeweza kumpinga tena siku hiyo. Wifi anasema hawajawahi kukaa mahali pazuri vile, waigizaji wote wako mbele yao, karibu hata ya kuwagusa. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka. Kaka alikuwa ameinamia magoti yake, analia.