Mafuta ya Nazi na Mkanda wa Mama

Mama aliacha kuzungumza kidogo kidogo. Kwanza aliacha kuitikia hodi za majirani, halafu akaacha kwenda kuuangalia muhogo wake, mwisho akawa analala ameelekea ukutani tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Hapa Vitongoji kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa ule. Akasomewa dua, akapewa kombe, maji yaliyooshewa aya, akanywa bila kubisha. Miezi ikapita naye anapungua kama sabuni.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ndiye aliyesema twende kliniki ya mjini Chake.

"Dua tunaendelea nazo," alisema. "Lakini mwenye jino bovu husomewa, na hung'olewa pia."

Tulikuwa tunakwenda na kurudi siku ile ile. Muuguzi wa pale alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza hakukaa nyuma ya meza, alikaa kwenye benchi karibu na mama, akamwuliza, "Usiku unalala vipi, mama?" Kisha akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu hata mie nikaona haya. Hakurudia swali, wala hakunitazama mimi nijibu. Baadaye sana mama akasema, "Silali." Muuguzi akaliandika lile neno moja kama mtu aliyeambiwa hadithi nzima. Mimi mwenyewe husema polepole, na watu wengi hunimalizia maneno yangu. Nilimpenda yule muuguzi tangu siku ile.

Vidonge vilimrudishia mama usingizi, lakini uso wake ulibaki ukutani. Ndipo tukaambiwa habari ya mkanda. Ulikuwa wa kuvaa kichwani, una sponji mbili za kulowesha kwa maji ya chumvi, zinazokaa juu ya paji la uso pale nywele zinapoanzia. Hupitisha umeme mdogo sana kwa nusu saa, mgonjwa amekaa kwake nyumbani. Kliniki ilikuwa nao mmoja tu na watu walikuwa wanaungojea. Kifaa chenyewe hukumbuka siku ulipovaliwa na siku uliposhindwa. Siku za kushindwa zikizidi, mkanda huchukuliwa, akapewa anayefuata, kwa sababu tiba ya kukatikakatika haimsaidii mtu.

Zamu ya mama ilipofika, muuguzi alinifundisha mie, akanifanya nirudie mara tatu mbele ya macho yake: futa paji, nywele ziwe kavu, sponji isidondoshe maji. Taa ya kijani, umeme unapita. Nyekundu, haushiki.

Wiki ya kwanza ilikuwa kijani tupu. Shangazi alikuwa amekwenda Msuka kumwuguza bintiye aliyejifungua. Siku ya tano mama aliniuliza kama muhogo umepaliliwa. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya jiko mpaka macho yakakauka.

Kisha shangazi akarudi. Kila asubuhi alikuja na chupa yake ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, akamkalisha mama, akamfumua na kumpaka mpaka ngozi ya kichwa ing'ae. Ndivyo alivyofanya miezi yote ya ugonjwa. Kwetu, mgonjwa akionekana na kichwa kikavu, watu huuliza wifi zake wako wapi.

Nilipomvalisha mama mkanda, taa ikawa nyekundu. Nikafuta, nikavalisha tena. Nyekundu. Siku ya pili nikajua sababu. Lakini ningemwambiaje shangazi aache? Katika maisha yangu sijapata kumwambia mtu mzima acha, sembuse huyu aliyemwosha mama yangu wakati mie nalia. Nikaficha. Nilimwosha mama nywele kwa sabuni, mafuta yakabaki. Siku ya tatu nyekundu.

Muuguzi alipofika na pikipiki yake kuukagua mkanda, aliigusa sponji kwa kidole, akainusa. Hakunigombeza.

"Mazuri haya," alisema. "Nani anapika?"

Nikamwambia. Nikamwomba yeye ndiye amwambie shangazi, kwa kuwa ni mkubwa na ana cheo. Akatikisa kichwa.

"Kichwa hiki kina mwenyewe."

Akamgeukia mama. "Mama, umeme haupiti kwenye mafuta. Kesho kutwa nitakuja. Nikikuta taa bado nyekundu, itabidi niondoke na mkanda. Unataka tufanyeje?"

Akanyamaza vile vile kama siku ya benchi. Safari hii mama akageukia ukuta. Muuguzi akaaga taratibu, akaenda zake.

Asubuhi shangazi akaingia na chupa. Mimi nilisimama mlangoni, maneno nimeyapanga tangu alfajiri. Shangazi akafungua kifuniko. Mama akajiinua, akageuka akauacha ukuta, akakaa.

"Wifi, kichwa kiache leo."

"Kiache vipi? Watu waseme nimekususa?"

"Waseme. Nautaka mkanda wangu. Na mafuta hauyapendi."

Shangazi akanitazama, akamtazama mama, chupa iko hewani.

"Kumbe siku zote hizo ulikuwa unasikia."

"Nasikia. Na nanusa. Unayaunguza, yana moshi."

"Haya, huyu kapona ulimi kwanza," shangazi akasema. Akavuta mkeka, akakaa chini. "Basi lete miguu. Miguu haina umeme."

Tulimwosha mama kichwa kwa ndimu na sabuni mara mbili, tukangoja kikauke kwa upepo wa mlangoni. Nikalowesha sponji, nikafunga. Kijani. Mama alikaa nusu saa na mkanda wake, shangazi anamkanda nyayo kwa mafuta, na wote wawili wanagombana juu ya moto unaofaa kupikia nazi.

Muuguzi alipokuja kesho yake aliitazama taa, akakaa akanywa chai. Mkanda ulibaki kwetu mpaka zamu ya mama ikaisha. Vidonge bado anakunywa, na kliniki bado tunakwenda. Ziko siku ukuta unamwita, ingawa si nyingi.

Siku ya kuurudisha, mama aliubeba mwenyewe mpaka Chake, umefungwa ndani ya kanga safi. Akampa muuguzi kwa mikono miwili.

"Anayefuata ni mwanamke?"

"Mwanamke."

"Basi usimfundishe peke yake," mama akasema. "Waite na wifi zake."