Ogani Isiyo na Maneno

Nilikuwa mkuu wa ofisi ya kumbukumbu katika utumishi wa serikali, na kustaafu hakukuniondolea tabia. Kila kitu kinachotoka nyumbani kwangu hapa Keshero, mjini Goma, huandikwa katika daftari: kimechukuliwa na nani, siku gani, kimerudi katika hali gani. Wengine hucheka. Nawaacha wacheke.

Katika daftari hilo zimeandikwa kaseti sita za ogani, kinanda kikubwa cha kanisani kinachopuliza upepo kwenye mabomba. Niliachiwa na jirani yetu wa zamani, mhandisi wa barabara kutoka Denmark, alipohama Goma. Muziki ulitungwa na mtu wa huko kwao aliyefariki kitambo. Mhandisi aliurekodi mwenyewe katika kanisa la kijiji chao, na ukisikiliza vizuri utasikia benchi likilia mtu anapoketi. Nakala nyingine hakuna. Kaseti ya nne ni ya polepole kuliko zote. Mke wangu aliisikiliza akichambua maharagwe, na hakutaka mtu amsemeshe.

Alipougua, na daktari akaacha kuzungumzia kupona, aliniomba jambo moja.

"Papa, kwa matanga yangu watu watakuwa na maneno mingi. Pasta, wakubwa wa familia, kwaya, kila mutu. Mimi unipigie ile kaseti ya ine. Ile haina maneno."

Niliahidi. Lakini kaseti ya nne ilikuwa nje. Kiongozi wa kwaya yetu ya mtaa wa Majengo aliiazima kwa wiki mbili, akatia sahihi. Sasa ulikuwa mwezi wa tatu tangu aichukue. Nilimfuata kwa miguu, juu ya mawe meusi ya volkano, daftari kwapani.

Alinipokea kwa furaha. "Karibu, muzee! Tulitaka kukuletea sisi wenyewe, ushangae."

Akaitia kaseti kwenye redio. Ogani ilisikika kwa mbali, kana kwamba inapigwa nyumba ya tatu, na juu yake watu wakiimba habari za mbinguni kwa nguvu zao zote, ngoma ikiwasindikiza.

"Hii ni nini?"

"Ilikuwa haina maneno, muzee. Tuliitia kwa telefone, tukaipiga, tukaimba juu yake, tukairudisha kwa kaseti yako. Ule muzungu alichoka mbele ya kumaliza. Sisi tumekumalizia."

"Na ile ya kwenye telefone?"

"Telefone ilijaa, papa. Tulifuta."

Aliomba msamaha bila kujua wa nini. Hilo ndilo lililoniudhi, na linaniudhi hadi leo: kwetu muziki usio na maneno huhesabiwa kuwa nyumba isiyoezekwa, na yeyote mwenye mdomo hujiona ana wajibu wa kupandisha bati.

Nilirudi nayo nyumbani, nikamweleza mke wangu; hata hivyo alitaka kuisikia. Alisikiliza kidogo, macho darini.

"Zima," akasema.

Nikatia kaseti ya tano; aliikataa kwa mkono. Hakuulizia muziki tena. Baada ya siku chache alifariki.

Makaburini kwaya ilifika na sare zake. Nilimwendea kiongozi kabla ya ibada.

"Mtasimama, lakini hamtaimba."

"Muzee, watu watasema nini?"

"Waseme."

Pasta niliyemwomba afupishe hakufupisha. Alipomaliza, pale ambapo wimbo hutarajiwa, kwaya ilisimama midomo imefungwa, na upepo wa ziwani ukapeperusha sare zao. Shemeji zangu walinong'ona kwamba msiba umenipanda kichwani. Sikugeuka. Nilikuwa nikimtimizia mke wangu kile kidogo kilichobaki. Ndipo mama mmoja, kwa huruma tu, akashindwa kuvumilia, akaanzisha wimbo. Wote wakampokea. Waliimba beti zote.

Jioni nilirudisha kaseti ya nne sandukuni, mahali pake, kati ya ya tatu na ya tano. Kisha nikafungua daftari kwenye mstari wa kiongozi wa kwaya, na katika nafasi ya marejesho nikaandika: Haikurudi.