Paketi Mia Mbili na Kumi na Mbili za Chumvi ya Kuogea

Stoo ya vielelezo vya mahakama ilikuwa mwisho wa korido, na nyuma ya mlango wake wa chuma alikaa mzee tuliyemwita Bwana Sahihi. Ukimwomba kalamu, alikupa kwanza daftari utie sahihi. Mapanga, baiskeli za wizi, hata meno ya bandia ya shahidi mmoja, vyote alivitunza miaka thelathini na moja na hakikupotea hata kimoja. Mimi, karani wa chumba cha jirani, nilikuwa nikimcheka waziwazi. Alibakiza wiki mbili astaafu, na alichokitaka duniani ni barua ya hakimu tu, iseme kwamba ameiacha stoo ikiwa safi.

Shida ilikuwa boksi moja. Lilikuwa na paketi mia mbili na kumi na mbili zenye picha ya bata na maandishi: "Chumvi ya kuogea. Si ya kuliwa." Zilikamatwa kwa kijana aliyeitwa Profesa, tena katika mtaa ambao watu wote wanaoga kwa ndoo na kopo. Vijana walizilamba, na asubuhi wakakutwa wakibishana na nguzo za umeme. Kesi ilivutwa miezi kumi na minne.

Jumatatu moja mkemia akapanda kizimbani. Akasema unga ule haumo kwenye orodha ya dawa za kulevya. Unalevya, tena sana, ila watengenezaji wamebadilisha kitu kidogo tu ukawa kitu kingine.

"Mheshimiwa, sheria imemkataza baba," alisema. "Huyu hapa ni mtoto wake wa nje ya ndoa. Sura ni ileile, lakini jina lake halikuandikwa."

Sheria ni msumeno, wanasema; siku ile ulikuwa msumeno usio na meno. Hakimu, uso umemkunjamana, akamwachia Profesa na kuamuru arudishiwe mali yake. Kisha akatuarifu kwamba orodha mpya, yenye jina la unga huo, itaanza kutumika Ijumaa.

Bwana Sahihi alihesabu siku kwa vidole, akaja mezani kwangu akihema.

"Mwanangu, leo hizi ni mali halali ya mtu, sina ruhusa ya kukaa nazo. Ijumaa zinakuwa dawa za kulevya, na zitakutwa kwa nani? Kwangu!"

Akampigia simu Profesa, akaweka sauti kubwa ili niwe shahidi.

"Shikamoo mzee wangu," alisema Profesa. "Nikizipokea, Ijumaa mnanirudisha kizimbani. Kaa nazo tu, nimekupa zawadi."

"Zawadi! Na mimi nitakuwa nani hiyo Ijumaa?"

"Hilo waulize wanasheria, mzee."

Hakimu akasema hawezi kuamuru mali halali ya mtu iteketezwe. Polisi wakasema watazifuata Ijumaa asubuhi. "Na mimi je?" mzee akauliza. "Na wewe pia, pengine," wakamjibu, wakaangua kicheko.

Jumatano akajitwika boksi begani, akaniburuta niwe shahidi, tukaenda kumkabidhi Profesa kwake. Njiani tulikutana na askari. Mimi nilikuwa naomba ardhi ipasuke, lakini Bwana Sahihi, bila kuulizwa, akatua boksi, akatoa amri ya mahakama na kuanza kumweleza habari ya baba na mtoto wa nje. Askari akasoma, akamrudishia karatasi.

"Mzee, pita. Mimi sijakuona."

"Basi tia sahihi hapa kwamba hujaniona."

Tulipobisha hodi, Profesa alitoka mlango wa nyuma, akala kona. Tukabaki na mama yake, mikono imejaa povu la sabuni. Bwana Sahihi akafungua daftari, akamwomba apokee kwa niaba ya mwanawe. Mama akalitazama boksi.

"Hizi ni dawa za kulevya au siyo?"

"Leo siyo, mama. Ijumaa ndiyo."

"Ingieni ndani."

Chumbani, juu ya mkeka, alikaa kijana wa miaka ishirini hivi, mdogo wake Profesa, akikunja na kukunjua kona ya shuka. Mama akamfuta mate kwa kanga.

"Alilamba paketi mbili za kaka yake. Tangu hapo, mimi niliyemzaa ananiita nesi. Sasa baba, na huyu nimwambie haumwi mpaka Ijumaa?"

Niliona aibu kiasi cha kushindwa kuinua uso. Bwana Sahihi alifunga daftari. Kisha akauliza choo kiko wapi.

Mama alileta mkasi. Yeye alikata, mzee akamwaga, mimi nikashusha maji kwa ndoo. Alihesabu kwa sauti mpaka ya mwisho, kwa sababu hata akiharibu, mzee yule alitaka hesabu itimie. Halafu akaandika kwenye daftari: "Paketi 212 nimezimwaga mimi, bila amri ya mtu yeyote." Nikamwambia, "Mzee, andika tu zimepotea." Akanikata jicho.

Barua hakuipata. Hakimu alimfokea kwa kuharibu mali ya mtu, akapekua vitabu kutafuta kosa la kumshtaki nalo, akalikosa, maana mwenye mali hakuthubutu kujitokeza kulalamika. Siku ya kuondoka nilimbebea mzigo wake hadi getini, nikamuuliza kama anajuta.

"Sana," alisema. "Miezi kumi na minne, kila jioni nilizihesabu zile paketi. Nikikuta zimetimia, nilirudi nyumbani nikalala usingizi mzuri. Yule mama halali."