Miaka Niliyolala Darasani

Mume wangu ndiye aliyeniambia kwanza kwamba nakufa usingizini. Aliniambia asubuhi, tukinywa chai kwa viazi vitamu, kwa sauti ile ile anayotumia kuulizia bei ya mahindi.

"Unakoroma, halafu unanyamaza," alisema. "Kifua kinahangaika lakini hewa haiingii. Nangoja mpaka naogopa, nakutikisa. Ndipo unavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini."

Nilikasirika. Nilimwambia anayekoroma ni yeye, nikabeba madaftari yangu nikaenda shule. Nilikuwa nafundisha darasa la sita hapa Kang'ata, na nilijiona mzima. Kuamka na kichwa kizito nilikuzoea, nikadhani ndivyo wanavyoamka watu wote waliofika umri wangu.

Baadaye tulifiwa Korogwe, na shangazi wa mume wangu. Wanawake tulilala sebuleni kwenye mikeka, bega kwa bega, kama ilivyo kwenye misiba. Kulipokucha nilikuta mikeka yote imesogezwa ukuta wa pili. Mimi nilikuwa peke yangu upande wa mlangoni.

"Utusamehe, wifi," dada wa mume wangu aliniambia. "Tulishindwa. Tulidhani kuna mashine ya kusaga humu ndani."

Wenzake walicheka kwa chini, kwa sababu ya msiba. Na mimi nilicheka. Lakini tangu siku hiyo sijalala kwenye msiba wa mtu. Nilikuwa nazika, napanda gari la mchana, narudi nyumbani, na watu wakaanza kusema mwalimu anajisikia. Mama yangu mzazi alipofariki, kule kwetu Mkumbara, nilikaa barazani kwenye kiti siku zote tatu. Dada yangu aliniletea mto na shuka, nikamwambia sina usingizi. Alifikiri ni uchungu. Ulikuwepo uchungu, lakini zaidi niliogopa kulala chini katikati ya wanawake walionifahamu tangu utoto.

Darasani ndiko nilikoumbuka. Nilikuwa nikiwapa wanafunzi zoezi, nakaa, na nikishakaa sikumbuki tena kitu. Mara nyingine nililala nimesimama, mkono uko ubaoni, chaki ikanidondoka ndipo nikashtuka. Wale watoto hawakunicheka. Wengi walikuwa wa wafugaji, wanatoka mbali, wanajua mtu aliyechoka anavyokuwa. Walipatana wenyewe kuninyamazia. Kiranja, msichana mrefu, alikuwa akiweka kidole mdomoni, na darasa zima linatulia mpaka niamke.

Utulivu huo ndio ulionifichua. Mwalimu mkuu alipita dirishani, akashangaa darasa la watoto sitini halina hata kikohozi. Aliingia akanikuta nimelalia meza. Aliponishika bega niliinua kichwa, nikaona watoto wote wamesimama wima, wameinamisha macho kama waliokosa ni wao.

Barua ya kunitaka nijieleze niliipata siku iliyofuata. Niliandika kwamba ninaumwa, ila ugonjwa sikuujua jina, kwa hiyo barua yangu ilisomeka kama ya mtu anayedanganya. Zahanati walinipima malaria, hakuna. Walinipima presha, iko juu, wakanipa vidonge. Mama mkwe alisema ni jinamizi, akaniwekea kisu chini ya mto. Nilikilalia kisu kile muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Daktari mmoja Korogwe ndiye aliyeniuliza swali ambalo wengine hawakuwahi kuniuliza: "Mama, nani analala na wewe? Anasemaje?" Mume wangu alikuwa kwenye benchi nje. Aliitwa, akaeleza yote, hata yale aliyokuwa ananificha. Yule daktari alituandikia kwenda Dar es Salaam. Huko walinilaza usiku mmoja na nyaya kichwani na kifuani, na asubuhi wakanieleza kwamba nikilala koo langu linalegea, linaziba, pumzi inakatika, na moyo unafanya kazi usiku kucha kama wa mtu anayekimbia. Nilipaswa kulala na mashine inayosukuma hewa kwa mpira mpaka kwenye kinyago cha puani.

"Nikishaanza, nitaiacha lini?" nilimuuliza mtaalamu.

"Huiachi, mama. Ichukulie kama miwani."

"Na umeme ukikatika?"

Aliniangalia kidogo. "Siku hiyo utalala bila mashine," alisema.

Nikajua kwamba kwake umeme hukatika siku moja.

Mume wangu aliuza pikipiki yake, mashine ikapatikana. Siku ya kwanza kuvaa kinyago nilikivua mara tatu, nikiona kama hewa ile inanikaba badala ya kunisaidia. Koo lilikauka, mikanda ikanichora mashavuni, na ngozi ya pua ikachubuka. Dada yangu alipokuja kutoka Mkumbara akaniona nacho, alitoka nje akamuuliza mume wangu kama nimebakiza muda mrefu. Sikumlaumu. Kwetu mtu akiwekewa kitu puani, ndugu wanaanza kuitana.

Lakini ilifanya kazi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kwenye wiki ya tatu niliamka na kichwa chepesi. Nilifundisha hesabu za sehemu asubuhi nzima bila kukaa. Nilisahihisha madaftari yote, nikapika, nikakaa jioni na mume wangu tukazungumza habari za ujana wetu mpaka akashangaa.

"Ulikuwa wapi siku zote?" aliniuliza.

Nilihesabu moyoni miaka ambayo watoto wetu walikua mimi nikiwa nusu macho.

Maisha hayo yalidumu miezi minne. Kiangazi umeme ulianza kukatika, kwanza saa chache, halafu siku mbili mfululizo. Siku moja uliporudi ulirudi na nguvu, taa za nyumba nzima ziking'aa kupita kiasi, na mashine ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua. Mume wangu aliipeleka kwa fundi wa redio Handeni mjini. Fundi aliifungua, akaifunga, akasema kifaa kilichoungua hajawahi kukiona. Kule ilikonunuliwa walisema iletwe, na ilipoletwa wakasema haitengenezeki, labda nyingine. Pikipiki ya kuuza haikuwepo tena. Mume wangu alikuwa akienda mnadani Kabuku kwa kuomba lifti kwenye malori.

Mtaalamu alinishauri kwa simu nipunguze uzito na nisilale chali. Nilipungua kidogo, usingizi haukubadilika. Nilishona mfuko mgongoni mwa gauni la kulalia nikatia mpira wa kuchezea watoto ndani yake, ili nikigeuka uniume. Nilijifunza kulala juu ya mpira.

Mume wangu alirudia kazi yake ya zamani ya kunitikisa. Alikonda. Siku moja mchana nilimkuta uani amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini.

"Nimechoka kukulinda," alisema bila kuniangalia. "Nikisinzia naota umekufa. Nikiamka nakuta unakufa kweli."

"Basi lala chumba cha watoto."

"Na wewe?"

"Mimi nitaamka nikiamka."

Alihamia chumba cha watoto. Mlango wake anauacha wazi, lakini usingizi wake ni mzito sasa, na mimi sina moyo wa kumlaumu.

Mwaka huu mkono wangu wa kushoto umekosa nguvu na mdomo umepinda upande mmoja kidogo. Hospitali walisema ni presha, walisema pia ilitarajiwa. Darasa nilishanyang'anywa kabla ya hapo. Nilikuwa natunza stoo ya vitabu, mahali ambapo nikilala simpotezei mtu kitu.

Juzi mwalimu mkuu aliniita ofisini kuhusu kustaafu kwa ugonjwa. Siku hizi ananisemesha kwa upole, na upole wake unanichosha zaidi ya ile barua yake. Alinisomea fomu kipengele kwa kipengele ili nielewe haki zangu.

"Mwalimu, umeelewa hapo?" aliniuliza.

Nilisema ndiyo. Akaendelea kusoma.

Nilipofumbua macho alikuwa ameshaondoka. Fomu zilikuwa mbele yangu, ameweka alama kwa penseli pale ninapotakiwa kusaini, na mlango ameuegesha taratibu. Nje watoto walikuwa wanatoka kwa chakula cha mchana. Nilisaini sehemu zote nne, nikakaa nikisubiri miguu ipate nguvu ya kunipeleka nyumbani.