Nilimwambia daktari kwamba baba alikufa kwa risasi

Nimekosa, na sitafuti neno la kulainisha. Niliulizwa swali moja nikadanganya, na mpaka leo mwanamke asiye na hatia anaitwa mchawi.

Mimi ni mfugaji, nauza maziwa upande wa Burungu. Mdogo wangu alioa mwanamke wa Pinga, kule Walikale. Tulimwita Mama Neema, kwa jina la binti yao. Waliishi vizuri mpaka mdogo wangu alipoanza kuugua. Mikono na miguu ilicheza yenyewe, kikombe hakikukaa mkononi, maneno yakamkwama. Watu walicheka kwamba amelewa asubuhi. Halafu wakaacha kucheka.

Katika kikao cha jamaa mmoja aliuliza: "Nani anamupikiaka?" Mimi ndiye niliyetamka wa kwanza neno karuho, ile sumu inayoua pole pole. Nikaongeza kwamba watu wa msituni, kwao Mama Neema, wanaijua. Mungu wangu, kinywa changu!

Na nilijua! Baba yetu aliugua hivyo hivyo. Mama alimficha nyumba ya nyuma mpaka akafa. Mdogo wangu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mimi ndiye niliyemlisha baba na kumfuta kidevu. Hakuna mwingine aliye hai aliyeona.

Mama Neema alifukuzwa, akarudi Pinga. Binti akabaki kwetu.

Baadaye daktari wa ubongo alifika kwenye kituo cha afya. Alikuwa anachunguza magonjwa ya fahamu ambayo mtoto huyapata kwa mzazi wake. Alichora jamaa yetu kwenye karatasi: mwanaume kisanduku, mwanamke duara, mgonjwa anapakwa wino. Akafika kwenye kisanduku cha baba.

"Na baba yenu, Papa, alikufaka na nini?"

"Risasi, dokta. Vita."

"Hakukuwa anatetemeka?"

"Hata siku moja."

Akakiacha cheupe. Kusema kweli kungekuwa kukubali kwamba Mama Neema hakufanya kitu. Niliona haya kurudisha maneno yangu. Haya tu!

Mdogo wangu akafa. Mama Neema alikuja kwa pikipiki, matope mpaka magotini, aje amzike bwana yake. Wanawake wa kwetu walimzuia njiani. "Anakuja kuangalia kama kazi yake imeisha!" mmoja akapiga kelele. Alinitafuta kwa macho.

"Kaka, wewe njo mukubwa. Sema kitu."

Nilitazama viatu vyangu. Akarudi na pikipiki ile ile, bila kumwona marehemu.

Juzi daktari alirudi, na sasa ni mguu wangu unaoruka wenyewe. Nilimwambia yote. Hakunikaripia. Alitoa ile karatasi, akakipaka wino kisanduku cha baba, na kwenye changu akaweka alama ya kuuliza. Alisema dawa ya kuuponya ugonjwa huu bado haijapatikana. Lakini ningesema mapema, yeye mwenyewe angeieleza jamaa kwamba hakuna aliyemlisha mtu sumu. Akasema pia kwamba kila mtoto wa mgonjwa anaweza kuurithi au kuukosa.

Hapo nimenaswa. Nikimsafisha Mama Neema, nitawapaka binti zangu doa la ugonjwa. Mkubwa ana mchumba anayetoka Muheto, na jamaa ya kijana inakuja Jumapili. Nikinyamaza, mwanamke yule atazikwa na jina la mchawi. Na Neema, anayekula kwangu kila siku, anaamini mama yake alimuua baba yake. Nani alimwambia? Mimi!

Nilimweleza binti yangu mkubwa tukiwa tunakamua. Alimaliza kwanza kumkamua ng'ombe.

"Papa, unataka mimi nikuambie unyamaze?"

Ndicho kitu nilichotaka.

"Sitakuambia," akasema. "Na nisipoolewa, nitalia mimi mwenyewe. Lakini usiniweke mbele yako kama ukuta."

Ninyi mnaosoma, daktari akiwauliza wazee wenu walikufa na nini, semeni mlichokiona. Marehemu haoni aibu tena. Anayelipa ni aliye hai, na mara nyingi si yule aliyedanganya.

Jumapili wageni wataniuliza kama kuna ugonjwa katika jamaa yetu. Jibu ninalo, na Neema atakuwa amekaa hapo hapo akisikiliza. Mniombee, maana hata hapa nimeogopa kuandika jina langu.